Kufungiwa Mhimili na Kufungiwa Mhimilini: Kiswahili, Reli ya Kilosa na Mwendo wa Mstari Mmoja katika Michezo ya Kompyuta

1.0 Utangulizi



Sentensi ninayotaka tuichunguze jioni ya leo ni fupi: "Sanduku limefungwa kwenye mhimili wa X." Tuseme tumewapa sentensi hiyo wanafunzi wawili wanaojifunza kutayarisha michezo ya kompyuta, tukawaomba waitekeleze. Mmoja atalifanya sanduku litembee katika mhimili wa X peke yake, mbele na nyuma, kama treni relini. Wa pili atalifanya sanduku litembee kila upande isipokuwa katika mhimili wa X. Wote wawili watakuwa wamesoma Kiswahili sawasawa; hata hivyo kazi zao zitapingana kama usiku na mchana, na mmoja wao atakuwa ameharibu mchezo.

Mara nyingi jambo la namna hii likitokea, husemwa kwamba Kiswahili hakijakomaa kubeba sayansi, na mwalimu hukimbilia Kiingereza. Katika mhadhara huu nitadai kinyume chake. Nitaonyesha kwamba utata huo una asili inayoeleweka katika sarufi, na kwamba sarufi hiyohiyo inayo dawa yake. Lakini mtu hawezi kuchagua neno la jambo asilolijua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mhadhara itaeleza jambo lenyewe: nini hasa hutendeka tunapokizuia kitu kisitembee ila katika mstari mmoja ndani ya injini ya fizikia. Mfano wangu mkuu nitauchukua Kilosa, mkoani Morogoro, kwa sababu mtu wa Magomeni ya Kilosa amekwisha kuliona sharti la mwendo wa mstari mmoja kwa macho yake tangu utotoni, hata kama hakuwahi kuambiwa jina lake.

2.0 Injini ya Fizikia na Uhuru wa Gimba

Injini ya fizikia ni programu inayokokotoa mwendo wa vitu ndani ya mchezo. Mchezaji anaposukuma pipa likabingirika, si mchoraji aliyechora kila hatua ya kubingirika huko. Injini ndiyo iliyochukua tungamo la pipa, kani zinazolikabili na miguso yake na ardhi, ikapiga hesabu, ikatoa mahali papya pa pipa. Kazi hiyo hufanyika kwa hatua ndogondogo za muda, mara nyingi hatua 60 katika sekunde moja. Katika kila hatua injini hufanya mambo matatu kwa mpangilio: hutumia kani kubadili kasi, hurekebisha kasi kufuatana na miguso na masharti, kisha hutumia kasi kubadili mahali. Miongoni mwa injini zinazofahamika ni Havok, iliyoanzia Dublin, Ayalandi, mwaka 1998. Bullet ya Erwin Coumans. Box2D ya Erin Catto. Na PhysX, ambayo Unity huitumia katika michezo ya pande tatu.

Gimba gumu lililoachwa huru angani lina namna sita za kwenda. Tatu ni za kuhama: kulia na kushoto, juu na chini, mbele na nyuma. Tatu nyingine ni za kuzunguka, moja kwa kila mhimili. Wanafizikia huziita digrii za uhuru. Binafsi siridhiki sana na neno digrii hapa, maana mwanafunzi wetu amekwisha kulitumia kwa pembe, kwa joto na kwa shahada ya chuo kikuu. Kwa leo nitasema "nafasi za mwendo", nikikusudia kwamba kila nafasi ni mlango mmoja ulio wazi kwa gimba kupita.

Chukueni kisanduku cha kiberiti. Kina ganda la nje na kidroo cha ndani chenye njiti. Kikishike kidroo hicho nje ya ganda: unaweza kukipeleka popote na kukigeuza utakavyo. Kirudishe ndani ya ganda: sasa kinaweza kusukumwa na kuvutwa tu. Ganda limefunga nafasi tano kati ya sita. Limefunga mbili za kuhama, na limefunga zote tatu za kuzunguka.

Hesabu hii ya tano ni muhimu. Anayeanza kutayarisha michezo husema, "Nataka mlango huu wa kuteleza uende kulia na kushoto tu," akafunga mihimili miwili ya kuhama, akadhani amemaliza. Mchezaji anapougonga mlango pembeni, mlango unaanza kupinda na kuzunguka papo hapo, maana milango mitatu ya mzunguko iliachwa wazi. Gimba hilo halikubaki na nafasi moja. Lilibaki na nne. Mtu aliyekwisha kukifikiria kisanduku cha kiberiti hafanyi kosa hilo mara mbili.

3.0 Reli: Mstari Mmoja Usionyooka

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa iko katika njia hiyo, na kutoka hapo lilijengwa tawi linalokwenda kusini kupitia Mikumi hadi Kidatu. Upana kati ya vyuma viwili vya reli hiyo ni milimita 1,000. Gurudumu la behewa lina ukingo uliochomoza upande wa ndani, na ukingo huo ndio unaolizuia behewa lisitoke pembeni. Uzito wa behewa hulizuia lisiruke, na mataruma na kokoto huzuia vyuma vyenyewe visizame wala kutanuka.

Hapo tunajifunza mambo mawili ambayo vitabu vya programu huyapita haraka.

La kwanza, sharti la mwendo halina huruma wala makadirio. Huko Kidatu reli ya kutoka Kilosa hukutana na reli ya TAZARA, ambayo upana wake ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, chini ya upana wa kiganja cha mtu mzima. Lakini tofauti hiyo inatosha kulizuia behewa la upande mmoja lisiendelee upande wa pili, na mzigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Reli mpya ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nayo hupita wilayani Kilosa kwa upana wake mwingine, milimita 1,435. Kwa hiyo wilaya moja imepitiwa na masharti mawili ya mwendo, na gari la sharti moja haliwezi kutii jingine.

La pili ni la hila zaidi. Treni ina nafasi moja ya mwendo, lakini haiendi katika mhimili mmoja. Njia inayofuata bonde la mto Mkondoa, magharibi ya Kilosa, hupinda na kupanda. Ukipima mahali pa treni kwa mihimili ya ramani, namba zote hubadilika: ya mashariki na magharibi, ya kaskazini na kusini, na ya kimo. Hata hivyo namba moja tu inatosha kukueleza treni iko wapi, yaani umbali wake kwa njia ya reli kutoka Dar es Salaam. Ndiyo maana mtu wa reli hutaja mahali kwa kilomita bila kutaja latitudo wala longitudo. "Nafasi moja ya mwendo" na "mhimili mmoja" ni mambo mawili: mhimili ulionyooka ni namna rahisi tu ya njia ya mstari mmoja. Anayejifunza kufunga mihimili miwili ya dunia ya mchezo atafaulu kwa lifti, atashindwa kwa treni.

4.0 Njia Nne za Kumzuia Mkaidi

Sasa tuingie ndani ya injini. Tuseme tunataka sanduku litembee katika mhimili wa X peke yake. Ziko njia nne zinazotumika, na kila moja ina kitenzi chake katika Kiswahili.

4.1 Kukinga

Njia ya kwanza ni kujenga kuta zisizoonekana pande zote za sanduku na kuliacha lipite katikati. Hapa tunakinga. Njia hii inaeleweka kwa urahisi, lakini ina kasoro mbili. Sanduku likisugua ukuta, msuguano utaipunguza hata ile kasi iliyoruhusiwa. Tena, kitu kinachokwenda mita 90 kwa sekunde husogea mita moja na nusu katika kila hatua ya muda iwapo hatua ni 60 kwa sekunde. Ukuta wenye unene wa sentimita kumi unaweza kurukwa bila injini kugundua, isipokuwa imeagizwa kukagua njia nzima iliyopitiwa kati ya hatua na hatua.

4.2 Kurudisha

Njia ya pili ni kuliacha sanduku lifanye litakalo, kisha baada ya kila hatua kulirudisha mahali pake: namba za Y na Z hufutwa na kuandikwa upya. Kwenye kioo sanduku linaonekana limetulia. Lakini tazameni kasi yake. Mvutano wa dunia huongeza kasi ya kuanguka kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Mtayarishi amerudisha mahali, hakugusa kasi. Baada ya sekunde tano sanduku lililotulia machoni limejilimbikizia kasi ya mita 49 kwa sekunde kuelekea chini. Siku mchezo utakapoamuru liachiwe, litaondoka kama jiwe lililokwisha kuanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita 120. Na hata kabla ya kuachiwa, kila kitakachowekwa chini yake kitapigwa kwa kasi hiyo iliyofichika.

Mwingine atasema: basi nifute kasi badala ya mahali. Ni afadhali, ila lazima ajue wakati. Akifuta kasi kabla injini haijatumia kani, basi katika hatua hiyohiyo mvutano utaizaa upya, kiasi cha mita 0.163 kwa sekunde, na sanduku litashuka karibu milimita 2.7. Kwa hatua 60 ni sentimita 16 kila sekunde. Sanduku litazama polepole, na mtayarishi atatafuta kosa kila mahali isipokuwa katika mpangilio wa kazi.

4.3 Kufunga

Njia ya tatu ni kufunga mhimili ndani ya injini yenyewe. Unity ina swichi sita za kazi hiyo kwa kila gimba, tatu za kuhama na tatu za kuzunguka. Bullet hutumia kizidishi kwa kila mhimili: ukiweka 1 mwendo unaruhusiwa, ukiweka 0 umefungwa. Maana ya sifuri hiyo ni nzuri kuielewa. Mchapuko ni kani igawanywe kwa tungamo. Ukizidisha matokeo kwa sifuri, ni sawa na kusema kwamba kwa upande huo gimba lina tungamo lisilo na mwisho. Lisukume uwezavyo, halitikisiki. Gimba moja, basi, linaweza kuwa jepesi kama unyoya upande wa X na zito kuliko mlima upande wa Y.

Mpaka wa njia hii ni kwamba mihimili ya kuhama inayofungwa kwa swichi au kizidishi ni ya dunia ya mchezo, si ya reli yako. Tuseme reli imelala mshazari, kiasi kwamba kwa kila mita moja inakwenda mita 0.8 mashariki na mita 0.6 kaskazini. Behewa limegongwa likapewa kasi ya mita 10 kwa sekunde kuelekea mashariki. Ukifunga mhimili wa kaskazini, behewa litaondoka mashariki moja kwa moja na kuiacha reli. Kinachotakiwa ni kuchukua ile sehemu ya kasi inayolingana na reli: 10 mara 0.8, yaani mita 8 kwa sekunde. Kisha kasi hiyo hugawanywa upya kufuata reli: mita 6.4 mashariki na mita 4.8 kaskazini. Behewa lililogongwa kuelekea mashariki limeanza kwenda kaskazini pia, na kila aliyepanda treni anajua kwamba ndivyo ilivyo. Mita 6 kwa sekunde za ubavu zimekatwa na reli.

4.4 Kushurutisha

Njia ya nne ndiyo kamili. Mtayarishi huiambia injini si jinsi ya kulizuia gimba, bali hali ambayo ni lazima iwe kweli wakati wote: "Umbali wa gimba hili kutoka katika mstari huu ni sifuri, na halizunguki." Injini yenyewe hutafuta kani ndogo inayotosha kuitimiza hali hiyo katika kila hatua. Msingi wa fikra hii ni wa kale kuliko kompyuta. Joseph-Louis Lagrange aliuweka katika kitabu chake cha mekanika cha mwaka 1788. Katika injini za leo huitwa kiungo cha kuteleza, na kinaweza kuelekezwa upande wowote.

Kwa kuwa hesabu za kompyuta hukata desimali na kwenda kwa hatua, kosa dogo hubaki na kukua, na gimba hupotoka taratibu kutoka katika mstari. Dawa inayotumika sana ilipendekezwa na Baumgarte mwaka 1972: katika kila hatua sahihisha sehemu ya kosa, si kosa lote. Ukisahihisha sehemu moja ya tano, hubaki asilimia 80 ya kosa. Baada ya hatua kumi hubaki kama asilimia 11, yaani sentimita kumi zimekuwa sentimita moja na kidogo. Anayetaka kusahihisha lote kwa mkupuo huliona gimba likitetemeka au kurushwa. Tusichanganye kusahihisha huku na kule kurudisha tulikokuona. Kule mahali paliandikwa upya kwa amri huku kasi ikisahauliwa; huku injini inaisahihisha kasi yenyewe ili mahali pafuate.

5.0 Nani Anabeba Kani?

Kabla ya kufika kwenye sarufi, nina swali moja. Zile mita 6 kwa sekunde za ubavu zilizokatwa, zilikwenda wapi?

Katika njia ya kurudisha na ya kufunga, jibu ni: hazikwenda popote. Namba imefutwa. Lakini katika njia ya kushurutisha, kiungo huunganisha magimba mawili, na kila kani inayolizuia la kwanza humsukuma mwenziwe kwa upande wa pili. Behewa likiwa limeunganishwa na meli inayoelea, kulizuia behewa kutaiyumbisha meli. Likiwa limeunganishwa na "dunia" ya mchezo, hakuna litakaloyumba, maana dunia ya mchezo imepewa tungamo lisilo na mwisho.

Dunia yetu haikupewa tungamo la namna hiyo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mafuriko ya mto Mkondoa yaliikumba Kilosa. Maji yaliingia katika makazi ya watu, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikaharibiwa vibaya. Tuta liliposombwa, vyuma havikuwa na pa kushika. Huduma za treni katika njia hiyo zilisimama kwa miezi. Sharti lilikuwapo kwenye karatasi, lakini lililolibeba liliondoka na maji.

Nautaja msiba huo kwa heshima ya waliopatwa nao, si kwa kupamba maneno. Unatufundisha kwamba kuzuia si kutokuwapo kwa kitu. Treni inayokwenda kwa utulivu katika mstari wake inazuiwa kila nukta na kani kubwa, na kani hizo zinabebwa na chuma, taruma, kokoto, tuta na ardhi. Kiswahili chetu kimelihifadhi wazo hilo katika neno lenyewe tunalolitumia. "Mhimili" hutokana na kuhimili, yaani kubeba na kustahimili. Kwa mjenzi, mhimili ni nguzo inayobeba uzito. Kwa mwanasiasa, ni mmoja kati ya mihimili mitatu ya dola. Mwanahisabati ameliazima kwa mstari usiobeba chochote. Mwanafunzi anayekumbuka asili ya neno atauliza mapema swali ambalo wengine huchelewa kuliuliza: mhimili huu umehimiliwa na nini?

6.0 Sarufi Inasemaje?

Turudi sasa kwenye sentensi yetu: "Sanduku limefungwa kwenye mhimili wa X." Kwa nini ina maana mbili zinazopingana?

Sababu ni kwamba kitenzi "funga" kina matumizi mawili ya kila siku, nayo yote hupokea "kwenye". Tunasema "mbuzi amefungwa kwenye mti", na maana yake mti ndio unaomshikilia. Mwendo wake wote unahusu mti huo. Tunasema pia "barabara imefungwa kwenye daraja", na maana yake hapo darajani hapapitiki. Mwanafunzi wa kwanza aliusoma mhimili kama mti wa mbuzi. Wa pili aliusoma kama daraja lililofungwa. Hakuna aliyekosea.

Sasa tukinyambue kitenzi hicho katika kauli ya kutendea, kisha tukitie katika kutendwa: funga, fungia, fungiwa. Linganisheni:

(1) Amina amefungiwa mlango.
(2) Amina amefungiwa chumbani.

Katika (1) mlango umefungwa na Amina ndiye aliyenyimwa kupita. Katika (2) Amina yumo ndani ya chumba na hana pengine pa kwenda. Mpenzi wa kandanda anajua muundo wa (1) vizuri: mchezaji "aliyefungiwa mechi tatu" ndiye asiyeruhusiwa kucheza mechi hizo. Hakuna anayedhani kwamba anaruhusiwa kucheza hizo tatu tu. Nomino tupu baada ya "fungiwa", inapotaja njia au fursa, hutaja kile alichozuiliwa mtu. Nomino yenye kiambishi cha mahali hutaja pale alipobakizwa.

Kwa hiyo tunaweza kusema bila utata:

(3) Sanduku limefungiwa mhimili wa X. (Haliwezi kwenda katika X.)
(4) Sanduku limefungiwa mhimilini mwa X. (Haliwezi kwenda ila katika X.)

Tofauti yote imebebwa na silabi moja, "-ni", ikisaidiwa na upatanisho wa "mwa", ambao katika ngeli zetu tatu za mahali ndio wa undani. Atakayeona kwamba (3) na (4) zinafanana mno kwa sikio la anayeanza, ninampa jozi nyingine nyepesi: "kufunga mhimili" kwa maana ya kwanza, na "kubakiza mhimili" kwa maana ya pili. Kosa la kuepuka ni kuchanganya "fungwa" na "kwenye" katika maelekezo ya kazi.

Yako mambo mengine matatu ninayoyapendekeza.

Kwanza, tusiseme "kugandisha mhimili", ingawa tafsiri hiyo huja haraka kutoka katika majina ya swichi za Unity. Kilichoganda kwetu hakitikisiki kabisa, nacho mwanafunzi hudhani ni gimba zima.

Pili, tutofautishe kwenda "kwa kufuata mhimili" na "kuuzunguka mhimili". Kuhama kunafuata, kuzunguka kunauzunguka. Tukisema tu "mwendo wa mhimili wa X", tumezichanganya nafasi mbili kati ya zile sita.

Tatu, na hili ndilo ninalolijali zaidi, ni jina la jambo zima. Baadhi ya waandishi husema "kikwazo", wengine "kizuizi". Lakini tumekwisha kuona kwamba kikwazo ni kitu unachojikwaa kwacho: huo ni ukuta wa njia ya kwanza. Kizuizi nacho husimama njiani kikisubiri kugongwa. Njia ya nne haisubiri. Inatamka hali iliyo lazima. Kwa hali hiyo Kiswahili kina neno "sharti", ambalo katika mikataba na nyumbani mwetu lina maana ya jambo ambalo bila ya kutimizwa mengine hayaendi. Nikisema "sharti la mwendo", mwanafunzi anaanza kutafuta kauli ya lazima. Nikisema "kikwazo cha mwendo", anaanza kujenga kuta. Kitenzi na nomino tulizomchagulia zimemchagulia njia ya kukokotoa.

7.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote za elimu na mafunzo. Maneno tunayo, na ruhusa ya maandishi iliwahi kutolewa. Lakini orodha ya istilahi haifundishi peke yake. Neno "mhimili" limekuwa katika kamusi muda mrefu. Utata tuliouanza nao haukutoka katika neno hilo, ulitoka katika kitenzi na kihusishi vilivyolizunguka. Kazi iliyobaki, basi, ni ya sarufi ya maelekezo: kuonyesha ni kauli ipi ya kitenzi, na ni kiambishi kipi cha mahali, vinavyoupa mtambo amri moja tu.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanafizikia peke yake, maana ataridhika msimbo ukikubali. Wala haiwezi kufanywa na mwanaisimu peke yake, maana hataliona sanduku likizama sentimita 16 kila sekunde. Inawataka wakae meza moja. Na kinachogombaniwa si heshima ya lugha. Ni saa za kijana anayetafuta kosa katika msimbo wake usiku kucha, akidhani hajui fizikia, kumbe aliambiwa "limefungwa kwenye".

Kijana huyo akitoka Magomeni ya Kilosa, asianzishwe kwa alama za hesabu. Aulizwe kwanza kwa nini treni haiendi pembeni. Aulizwe ni nani anayeizuia, na huyo anayeizuia amesimama juu ya nini. Akijibu hayo matatu kwa Kiswahili chake, amekwisha kulijua sharti la mwendo. Kinachobaki ni kumwandikia vizuri, ili ajue kama amefungiwa mlango au amefungiwa chumbani.